Bahasha Isiyo na Jina: Daktari Anapokuwa Pia Muuza Dawa

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, hebu fungua begi lako au ile droo ya hosteli utafute bahasha ya dawa. Najua ipo. Wengi wetu tunayo, ina vidonge vitatu au vinne vilivyobaki baada ya homa kupoa. Sasa soma kilichoandikwa juu yake. Kama ni "1x3" peke yake, bila jina la dawa, bila jina lako na bila tarehe, basi makala hii nimekuandikia wewe.

Mimi nasomea ualimu, mwaka wa tatu, masomo yangu ya kufundishia ni Biolojia na Kemia. Si daktari wala mfamasia, na wenzetu wanaosomea mambo hayo wakiona nimeteleza wanisahihishe toleo lijalo, sitanuna. Ninachoandika hapa nimekipata kwa kuugua, kwa kuuguza, na kwa kusoma baadaye ili nielewe kilichotupata.

Mwaka jana nilipangiwa mazoezi ya kufundisha (TP) katika sekondari moja ya kata wilayani Bunda. Nyumbani ni Musoma, Nyasho, na bibi mzaa baba yuko Butiama, kwa hiyo nilifurahi, maana wikiendi ningepanda gari hadi Makutano na kuingia kwa bibi. Wiki ya pili nikashikwa na homa. Mwenzangu wa chumba akanipeleka kliniki ya binafsi iliyokuwa karibu na barabara kuu. Daktari alikuwa mmoja tu. Alinisikiliza, akanitoboa kidole, akasoma kipimo, halafu akahamia upande wa pili wa meza na kufungua kabati la dawa. Jibu lake wengi mnalijua kwa moyo: "Una malaria kidogo, typhoid, na U.T.I. imeanza." Nikatoka na mfuko: dawa mseto, antibiotiki aina mbili, vidonge vya maumivu, vitamini, dawa ya maji ya kikohozi ambacho sikuwa nacho, na sindano moja nilichomwa palepale. Jumla shilingi 42,000. Boom ya TP mnaijua ilivyo. Hiyo ilikuwa chakula changu cha wiki mbili.

Sisemi daktari yule alinidanganya. Nilipona. Lakini usiku ule nikiwa nimelala nilijiuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: dawa ya nne na ya tano zilitoka kwenye ugonjwa wangu au kwenye kabati lake? Na shida yote ya daktari kuuza dawa mwenyewe iko hapo. Hata akiwa mwaminifu kama malaika, mgonjwa hana njia ya kujua. Mtu yuleyule anayeamua unahitaji nini ndiye anayepata faida ukinunua.

Baadaye nilisoma na kuona mambo mawili ambayo mwanafunzi yeyote wa Biolojia angeweza kumuuliza. La kwanza, kipimo cha haraka cha malaria hakisemi "kidogo". Kinasema ndiyo au hapana. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa apimwe kwanza ndipo apewe dawa ya malaria, na mwongozo wetu wa matibabu wa taifa unakwenda hivyohivyo. La pili, kile kipimo cha damu cha typhoid kinachoitwa Widal kinatafuta kingamwili, si bakteria. Kingamwili hubaki mwilini baada ya ugonjwa wa zamani kuisha, na maambukizi mengine yanaweza kukifanya kipimo kionekane chanya. Kipimo kimoja cha Widal hakitoshi kumwambia mtu ana typhoid leo. Sasa jiulize wangapi hapa chuoni wamemeza antibiotiki kwa sababu ya karatasi hiyo.

Lakini tusikimbilie kuwasema madaktari. Kwa nini wanauza dawa? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, na cha kuchekesha ni kwamba historia yenyewe inapita Butiama. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ya Mwalimu Nyerere ilitaka matibabu yawe haki, si biashara. Mwaka 1977 ikapitishwa sheria ya hospitali binafsi iliyozuia matibabu ya kutafuta faida. Mashirika ya dini yakaendelea. Mwaka 1991 sheria ikarekebishwa, kliniki na zahanati za watu binafsi zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 hospitali za serikali nazo zikaanza uchangiaji wa gharama. Kwa hiyo kizazi cha wazazi wetu kilikutana na daktari mfanyabiashara kikiwa tayari kimekua. Kilikuwa kimezoea daktari anayelipwa na serikali, ambaye kukuandikia vidonge kumi au sifuri hakumpunguzii wala kumwongezea kitu.

Na kuna suala la umbali. Mjini Musoma unaweza kuambiwa "nenda famasi" ukatembea dakika tano. Ingia ndani kidogo vijijini Butiama au Bunda, famasi yenye mfamasia hakuna. Kuna duka la dawa muhimu, utaratibu ulioanza kujaribiwa Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, na lenyewe lina orodha yake ya dawa linazoruhusiwa. Daktari akimwandikia mama mwenye mtoto anayeungua homa cheti tu, bila dawa, mama huyo atakwenda wapi saa mbili usiku? Hata Uingereza wanalijua hilo. Kule vijijini daktari anaweza kuruhusiwa kuwapa dawa wagonjwa wanaokaa zaidi ya kilomita 1.6 kutoka famasi. Umbali ndio unaompa ruhusa.

Mjadala huu ni mzee kuliko vyuo vyote tunavyovijua hapa. Karne ya 13, Mfalme Frederick II alitenganisha kwa sheria kazi ya tabibu na kazi ya mchanganya dawa katika ufalme wake wa Sicily. Korea Kusini walifanya hivyo juzijuzi tu, mwaka 2000: daktari aandike, mfamasia atoe. Madaktari waligoma. Afrika Kusini wakachagua njia ya katikati, daktari anayetaka kutoa dawa lazima asome kozi na apate leseni ya kutoa dawa. Madaktari wakaenda hadi Mahakama ya Katiba, na mwaka 2005 mahakama ikasema sharti la leseni linabaki. Zimbabwe kuna watafiti waliolinganisha madaktari wanaouza dawa na wasiouza, matokeo yakachapishwa mwaka 2002: wanaouza waliandika dawa nyingi zaidi kwa kila mgonjwa, na sindano nyingi zaidi. Niliposoma hilo nikakumbuka sindano yangu ya Bunda, nikajishika bega bila kujua.

Sisi Tanzania zahanati na kliniki iliyosajiliwa hutoa dawa kwa wagonjwa wake, na wasimamizi ni zaidi ya mmoja. Ubora wa dawa zenyewe unasimamiwa na TMDA (zamani TFDA, jina lilibadilika 2019 chakula kilipohamishiwa TBS). Taaluma ya famasi ina Baraza la Famasi, chini ya sheria ya 2011. Mwenendo wa daktari uko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Nataja hizi ofisi kwa sababu wengi wetu tukikosewa tunaishia kulalamika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Sasa nije kwa bibi, maana huko ndiko nilikojifunza kwa uchungu.

Bibi ana presha, anatumia dawa za hospitali kila siku. Magoti nayo yanamsumbua, kama bibi wengi waliolima maisha yao yote. Kabla sijafika Bunda alikwenda kliniki ya jirani, akapewa vidonge kwenye bahasha ya kaki. Juu imeandikwa "1x2". Basi. Vilimsaidia sana, akaanza hata kwenda kanisani kwa miguu. Vilipokwisha, mimi ndiye niliyechukua bahasha ile Jumamosi na kuirudisha kliniki. Nikapewa vingine bila swali, bibi hakuonwa. Wiki mbili baadaye nikarudi tena. Nilijiona mjukuu mwema kwelikweli. Nilikuwa natumia akiba yangu, nampelekea bibi dawa.

Dozi ambayo pengine ilikuwa ya siku tano ikageuka ya wiki saba, na tarishi nilikuwa mimi.

Mwishoni mwa Agosti shangazi akanipigia: miguu ya bibi imevimba, hali vizuri, kichwa kinamuuma. Tulimkimbiza hospitali. Presha ilikuwa juu sana. Muuguzi akauliza kwa upole, "Mama anatumia dawa gani nyingine?" Nikampa bahasha kwa kujiamini, nikijua nimeitunza. Akaigeuza mbele na nyuma.

"Mwalimu, hii '1x2' ni jina la dawa gani?"

Sikuwa na jibu. Kidonge kimoja tu kilikuwa kimebaki, kimekatika nusu, maandishi yake hayasomeki. Shangazi akapanda bodaboda hadi kliniki. Kule hakukuwa na daftari lenye jina la bibi. Daktari akasema kwa kumbukumbu tu kwamba anafikiri ilikuwa diklofenaki. Hospitali wakapima figo, majibu hayakuwa mazuri. Walitueleza kwamba dawa za maumivu za kundi hilo zikitumika muda mrefu zinaweza kupandisha presha, kuufanya mwili ushikilie maji na chumvi, na kuumiza figo, hasa za mzee mwenye presha. Zilisimamishwa siku ileile. Bibi yuko hai, namshukuru Mungu, ila sasa anapimwa figo mara kwa mara, na ile safari ya kanisani kwa miguu imekwisha.

Nimewaza mara nyingi ni kitu gani hasa kilikosekana. Dawa ilikuwa halali, daktari ana cheti, bei haikuwa kubwa. Kilichokosekana ni jicho la pili. Katika utaratibu wa kawaida daktari anaandika, na mtu mwingine dirishani anasoma, anauliza: mama, una presha? unatumia dawa nyingine? siku ngapi? Kazi hizi mbili zikifanywa na mtu mmoja, kosa la wa kwanza halina wa kulikamata. Ndiyo maana naona wanaojadili suala hili kama la bei tu wanakosea. Elfu 42 zangu ziliniuma, lakini figo za bibi haziuzwi dukani.

Wiki yangu ya mwisho ya TP nilikuwa na vipindi viwili vya Kidato cha Pili ambavyo mwalimu mwenyeji aliniachia nifanye marudio. Nikaandika ubaoni: 1x3. Nikauliza maana yake ni nini. Mmoja, mzuri wa hesabu, akasema ni tatu, kwa hiyo unameza vitatu. Mwingine akasema kimoja kwa siku tatu. Wengi wakasema asubuhi, mchana, jioni. Nikauliza jioni ni saa ngapi na asubuhi ni saa ngapi, na katikati kuna saa ngapi. Kimya. Hakuna aliyesema kila baada ya saa nane. Na wengine wakaniambia mchana wanakuwa shuleni, kwa hiyo kile cha mchana wanakimeza pamoja na cha jioni "kufidia". Kaka na dada zangu tunaosomea ualimu, kila mmoja wa watoto hawa ndiye anayemsomea bibi yake bahasha nyumbani.

Tukachukua mfano wa dawa mseto ya malaria, ALu, ambayo Tanzania ilianza kuitumia kama dawa ya kwanza mwishoni mwa 2006. Mtu mwenye kilo 35 na zaidi anameza vidonge vinne kwa wakati, mara sita, jumla 24. Lakini dozi ya pili inakuja saa nane baada ya ya kwanza, ndipo siku mbili zinazofuata inakuwa asubuhi na jioni. Na inatakiwa iliwe na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa, ili iingie vizuri mwilini. Bahasha iliyoandikwa "4x2" haisemi lolote kati ya hayo. Niliwapa kazi ya nyumbani: chora bahasha ambayo bibi yako asiyejua kusoma ataielewa. Walichora jua linachomoza, jua utosini, mwezi, sahani ya ugali na dagaa. Mmoja akachora saa ya ukutani, halafu akaifuta, akaniambia kwao hakuna saa, kuna jogoo. Akachora jogoo.

Likizo hiyo nilimpeleka mdogo wangu, aliyekuwa anaharisha, kwa daktari mmoja Musoma ambaye naye ana kliniki yake na dawa zake. Nilikwenda nimeshakunja uso. Nikakuta kitu tofauti, na naomba nikieleze kwa kirefu kwa sababu kinaonyesha inawezekana.

Kwanza, aliandika cheti kabla ya kusogelea kabati. Akanikabidhi mimi: "Hivi ndivyo anavyohitaji. Unaweza kuchukua hapa au popote, bei zetu hizo ukutani." Kwenye cheti kulikuwa na vitu viwili tu, ORS na vidonge vya zinki. Nikamuuliza kwa mazoea, "Na antibiotiki, daktari?" Akacheka. Akaniambia kinyesi hakina damu, mtoto hana homa kali, kwa hiyo kinachomuokoa ni maji na chumvi. Zinki aendelee siku kumi hata akipona kesho. Cheti kikaenda kwa binti dirishani, naye akakisoma upya, akauliza uzito wa mtoto na kama kuna dawa yoyote anayotumia. Jicho la pili lilikuwa pale, chumba cha mita mbili. Dawa zake zilikuwa kwenye makopo na maboksi yake ya asili, zinazokaribia kuisha muda zimewekwa mbele, na ukutani kipimajoto, kwa sababu dawa nyingi zinataka zisizidi nyuzi 30 na mnajua bati la Musoma saa nane mchana. Bahasha ilikuwa na jina la mtoto, jina la dawa, nguvu yake, namna ya kutumia kwa maneno, siku ngapi, na tarehe. Daftari likaandikwa. Nikalipa 8,000 pamoja na kumwona daktari.

Hakukuwa na foleni, nikamuomba niulize.

"Shikamoo tena daktari. Sasa ukiandika vitu viwili vya bei rahisi hivi, kodi ya nyumba unalipaje?"

"Marahaba mwanangu. Umeuliza vizuri," akasema. Akaniambia shida hainzii kwa daktari peke yake. Mgonjwa akilipa elfu tano ya kuonwa na kuambiwa huhitaji dawa, nenda kanywe maji upumzike, anaona ameibiwa, na kesho anakwenda kliniki ya jirani. Akipewa mfuko wa elfu thelathini anaondoka anashukuru na kuwaleta ndugu zake. "Watu hawataki kulipia kichwa changu, wanataka kulipia kabati. Kwa hiyo mimi nimepandisha kidogo ada ya kuonwa na kushusha faida ya dawa. Wateja nimepoteza. Waliobaki wananiamini." Halafu akaongeza, bila kuulizwa, kwamba kuna siku naye anateleza: mgonjwa aking'ang'ania sindano, foleni ndefu, amechoka, anampa vitamini ili amalize. "Siyo sawa, lakini nakwambia ukweli."

Nilimheshimu zaidi kwa hilo. Na nikajiona mimi wa Bunda, ambaye ningepewa parasetamoli tu ningelalamika bwenini kwamba daktari yule hajui kitu. Antibiotiki zisizo za lazima si hasara ya mfuko pekee. Vimelea vinajifunza, vinakuwa sugu, na dawa ile ikija kuhitajika kweli haifanyi kazi. Hilo tumelisoma Biolojia, uteuzi asilia, tukajibu mtihani tukapata A.

Kwa hiyo ukienda kliniki ambako daktari ndiye muuzaji, huhitaji kugombana naye. Omba cheti kabla ya dawa. Uliza kila dawa inatibu nini kati ya magonjwa aliyokutajia; ile isiyo na jibu iulizie mara mbili. Mwambie dawa unazotumia tayari, na kama wewe ni dada na una mimba au unahisi unayo, sema. Mpe bahasha aandike jina la dawa, hata kama vidonge ni vinne. Ukiona dawa yenye alama ya MSD inauzwa kwenye kliniki ya mtu binafsi, huenda ni ya hospitali ya umma, imepotea njia. Na usirudishe bahasha ya mtu mwingine kujaziwa bila mwenyewe kuonwa. Hili la mwisho najisemea mimi.

Pasaka nilikuwa Butiama. Bibi alikuwa ameumwa jino wiki hiyo, amepewa dawa mahali. Nikaingia tu, salamu hazijaisha, akanyanyua kopo la biskuti analowekea dawa zake, akanitolea bahasha. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya rangi: parasetamoli, mg 500, viwili kila baada ya saa nane, siku tatu, na jina lake lote matatu.

"Nilimwambia nina presha na figo, halafu nikamwambia aandike jina," akasema bibi. "Alikasirika kidogo. Lakini aliandika."